Sare za Mtemi Luhende

Hii imenifikia kwa kutumwa, na aliyenitumia naye alitumiwa, kwa hiyo usiniulize imeanzia wapi. Isome mpaka chini. Usiwe kama wale wanaosoma mstari wa kwanza wanajibu "nimekupata mkuu" na hakuna walichopata. Ukimaliza, mpelekee yule ndugu yako anayenunua makochi mapya kila jirani akipaka rangi ukuta.

Zamani, zamani zile fisi alikuwa bado anacheka kwa sababu ya maana, palikuwa na nchi ikiitwa Ukambwe. Mtawala wake alikuwa Mtemi Luhende. Hakuwa mtu mbaya. Hakupiga mtu bila kosa, hakuchukua mke wa mtu, hakulewa kabla jua halijazama. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: sare za jeshi.

Luhende alitaka jeshi lake lipendeze. Na si kupendeza kwa kawaida, kupendeza kama wewe siku ya harusi ya shemeji yako. Alitaka lipendeze mpaka jua likichomoza asubuhi lione aibu, lirudi ndani kujipanga upya.

Na Ukambwe kulikuwa na sheria moja ambayo haikuchezewa. Sare ikibadilika, inabadilika kwa wote, siku hiyohiyo. Aliye lindoni abadilishe. Aliye mgonjwa ageuzwe kitandani abadilishwe. Inasemekana kuna askari alizikwa asubuhi, mchana sare ikabadilika, jioni wakamfukua, wakamvalisha mpya, wakamrudisha. Mjane wake akasema afadhali, maana ile ya kwanza ilikuwa inambana.

Askari akikutwa na kifungo cha mtindo uliopita, alichapwa viboko mpaka kifungo chenyewe kiombe msamaha.

Sasa, mpakani mwa nchi hiyo ulipita mto Msenga. Ng'ambo ya mto ilikuwa nchi ya Usinde, chini ya mwanamke mmoja aliyeitwa Mama Mtemi Nyanzala. Ukambwe na Usinde hawakuelewana tangu enzi za mababu. Ugomvi ulianzia kwa mbuzi. Mbuzi mwenyewe alishakufa, aliyemwiba alishakufa, aliyeibiwa alishakufa, ugomvi tu ndio ulikuwa na afya njema.

Upande wa Ukambwe palikuwa na boma la askari, na mkubwa wa boma alikuwa Sajini Nkwabi. Kazi yake ilikuwa kupanda juu ya jiwe kubwa kila asubuhi, kuweka mkono juu ya nyusi, kuangalia Usinde wanafanya nini, halafu kumpelekea Mtemi habari. Walimwita Jicho la Mtemi. Na macho alikuwa nayo, bwana. Mwenyewe alikuwa anasema akikaza kidogo anamwona mchwa wa Usinde akipiga mwayo.

Nyuma ya boma, umbali wa mluzi tu, palikuwa na kijiji cha Bulonda. Huko ndiko alikokaa mama yake, Bi Kashinje, na mkewe, na watoto. Kwa hiyo Nkwabi hakuhitaji kuelezwa umuhimu wa kazi yake. Usinde wakivuka ule mto, mlango wa kwanza kupigwa teke ni wa mama yake.

Basi asubuhi moja Nkwabi akapanda jiwe lake. Akaangalia ng'ambo. Penye kivuko huwa anasimama mlinzi mmoja wa Usinde, mrefu kama ngazi, na siku zote huwa amevaa kaniki yenye viraka. Siku hiyo kaniki haikuwepo. Jamaa alikuwa ndani ya koti jekundu, ukosi wa dhahabu.

Nkwabi hakujiuliza mara mbili, na usimcheke, hata wewe usingejiuliza. Kwao askari mmoja akibadilisha hata soksi, ujue jeshi zima limebadilisha. Akashuka mbio, akaenda mwenyewe mpaka ikulu, akapiga saluti.

"Mtemi, jeshi la Usinde limevaa makoti mekundu!"

Luhende akaweka chini kikombe cha maziwa.

"Mekundu namna gani?"

"Ya pilipili, Mtemi."

"Pilipili iliyoiva?"

"Iliyoiva ikakasirika. Samaki wanatoka majini kuangalia."

"Na sisi tumevaa rangi gani?"

"Rangi ya vumbi, Mtemi. Kama siku zote."

"Vumbi!" Luhende akasimama. "Mimi niko hapa nakunywa maziwa, kumbe jeshi langu limevaa vumbi!"

Siku hiyo hakula. Mafundi wakaitwa, ng'ombe wakaswagwa kwenda kubadilishwa kwa vitambaa, na haukupita muda Ukambwe nzima ikawa nyekundu. Nkwabi naye akaongezewa mstari mwingine begani, kwa kazi nzuri.

Mstari begani ni kitu kitamu. Ukishaonja mmoja, wa pili unanukia toka mbali.

Mahindi yakiwa yanachanua, yule mlinzi wa ng'ambo akatokea na koti la kijani lenye mkanda mweupe. Nkwabi akapeleka habari, Ukambwe ikawa kijani. Yale mekundu yakachomwa moto, maana sheria ilisema ya zamani yasionekane. Moshi wake, wanasema, ulienda ukatia kikohozi nchi ya tatu.

Mara ikaja kofia ya manyoya. Mbuni wote wa Ukambwe wakanyonyolewa, wakawa wanapita porini wamejificha nyuma ya vichaka kwa aibu. Mara buti za magotini. Ngozi ikaisha, ng'ombe waliobaki wakaanza kuwakwepa askari wakiwaona tu.

Mara koti lenye vifungo vya chuma kuanzia kidevuni mpaka gotini. Chuma kitoke wapi? Kikatoka kwenye mikuki. Mikuki ya jeshi zima ikayeyushwa ikawa vifungo. Askari akianza kufunga vifungo jogoo anawika, akimaliza kivuli kimeshahamia upande wa pili wa nyumba. Na akishikwa na haja katikati, Mungu amsaidie.

Magari ya ng'ombe yaliyoleta sare mpya mpakani yalikuwa yanapishana njiani na yale yaliyobeba sare za juzi kwenda kuchomwa. Waendeshaji wakawa wanasalimiana kwa majina, wengine wakaozeshana mabinti.

Ndipo zikaja suruali nyeupe. Suruali nyeupe bila wanga ni kama ugali bila chumvi ya mboga, haipandi. Na wanga unatoka kwenye unga wa muhogo. Kwa hiyo unga wa kikosi ukaanza kugawanywa kwa utaratibu mpya: suruali kwanza, watu baadaye.

Nkwabi alikuwa na msaidizi, Koplo Malale, mtu wa maneno machache na tumbo kubwa. Tumbo ndilo lililoanza kuondoka. Siku moja akamfuata Nkwabi penye jiwe.

"Afande."

"Sema, Malale."

"Suruali yangu imekula leo. Mimi bado."

"Vumilia."

"Nimevumilia. Jana nimelamba ukosi."

"Ukosi wa nani?"

"Wako, afande. Nisamehe. Wa sajini una uji mzito."

Nkwabi akashika ukosi wake. Kweli, ulikuwa umelowa.

Akageuka nyuma akaangalia Bulonda. Akageuka mbele akaangalia mto. Katikati alikuwepo yeye na watu wake, wamevaa kama maharusi, wameshika mipini ya majembe. Kwa mara ya kwanza ule mstari begani ukamwasha.

Akaenda ikulu kuomba msaada. Akamkuta Luhende anachagua uzi.

"Mtemi, wanangu wa boma la mto hawana mikuki."

"Wameshika nini?"

"Mipini ya majembe."

"Imepakwa rangi?"

"Hapana, Mtemi."

Luhende akamgeukia fundi wake. "Andika. Mipini ipakwe rangi."

"Na unga, Mtemi. Watu wana njaa."

"Suruali zimelegea?"

"Hapana, Mtemi. Zinasimama zenyewe hata mtu hajaingia."

"Basi unga upo," akasema Luhende. "Usinitishe."

Nkwabi akarudi mpakani na kopo la rangi ya bluu.

Sasa ikaja ile asubuhi yenyewe. Nkwabi akapanda jiwe, akaweka mkono juu ya nyusi, akaona kitu ambacho kilimfanya akae chini. Yule mlinzi wa ng'ambo alikuwa amevaa joho. Joho la rangi ya dhahabu, linaburuza chini, limezungukwa na vishada kama harusi ya majini.

Ukambwe hapakuwa na ng'ombe tena wa kubadilisha. Hapakuwa na chuma, hapakuwa na ngozi. Kilichobaki nchi nzima ni mbegu, ule mtama na mahindi ambayo kila nyumba imening'iniza juu ya moshi isubiri mvua. Habari ya joho hili ikifika ikulu, mbegu zitaenda. Na nchi iliyokula mbegu yake inasubiri nini tena?

Malale akamkuta bado amekaa.

"Afande, umeona nini?"

"Joho."

"Aisee!" Malale akakuna pale palipokuwa na tumbo. "Lakini afande, hawa Usinde ni watu gani? Sisi tumebadilisha mpaka tumeisha. Wao mbona hawaishi? Wanakula nini?"

Nkwabi akageukia tena ng'ambo. Alikuwa ameangalia Usinde miaka na miaka, akahesabu vifungo vyao, akajua ukosi wao umekatwa vipi, lakini hajui wanakula nini. Tangu awe Jicho la Mtemi hajawahi kutia hata unyayo katika yale maji. Kazi yake ilikuwa kuangalia, si kwenda.

"Nisaidie kufungua vifungo," akasema.

Walifungua wawili mpaka wakaota sugu. Nkwabi akatoka ndani ya sare kama hindi linalotoka kwenye maganda. Akajifunga shuka, akabeba kuku kwapani kama mtu anayekwenda sokoni, akaingia mtoni mchana kweupe. Ilikuwa kiangazi, maji ya kiunoni. Hakuna aliyemwuliza neno. Nani atamjua sajini bila sare? Hata kuku aliyembeba alikuwa anamwangalia kwa wasiwasi.

Ng'ambo akamkuta yule mlinzi amekaa juu ya kigoda kivukoni, joho limemfunika mpaka miguuni, jasho linamtiririka kama mtungi wenye ufa. Jina lake Shigela. Mrefu, ndugu yangu. Ndege walikuwa wanamzunguka kama wanavyozunguka mlima.

"Karibu, mzee wa kuku," Shigela akasema. "Unauza?"

"Nikipata mteja."

"Mimi hata ningekuwa nacho cha kukupa, ningekiweka wapi? Hili dude halina mfuko."

Nkwabi akachuchumaa kando yake kama mtu anayepumzika.

"Joho zuri. Wenzako wako wapi?"

"Wenzangu gani?"

"Wenzako wa majoho."

Shigela akamwangalia kama mtu aliyeulizwa jua la pili limewekwa wapi.

"Mzee, majoho yatoke wapi? Liko hili hili moja."

Nkwabi akasikia mto wote unampita masikioni.

"Na zile buti za magotini?"

"Pea moja. Zinanibana huku kwenye kidole."

"Na kofia ya manyoya?"

"Iko nyumbani. Kuku wa mke wangu anatagia."

"Na koti jekundu?"

Shigela akacheka mpaka vishada vikatikisika.

"Lile? Lile lilikuwa koti langu la harusi! Nilioa, kesho yake nikapangwa zamu, mke mpya akasema mume wangu hatoki nyumbani na kaniki. Basi nikasimama hapa na koti la harusi, nanuka mafuta. Baada ya muda tunaangalia ng'ambo kule, boma zima jekundu! Tukaulizana, jamani, kule wanamwoza nani?"

"Mkacheka."

"Tulicheka mpaka tukalala chini. Mama Mtemi Nyanzala peke yake hakucheka. Akamwita fundi. Akamwambia, shona moja la kijani, refu, mvalishe Shigela, maana huyu anaonekana mpaka mbinguni. Tuone."

"Mkaona?"

"Mzee, tukaona! Yeye anashona moja, wao wanashona nchi nzima."

"Na jeshi lenu liko wapi?"

Shigela akanyoosha mkono. Kule mteremkoni kulikuwa na watu wengi kama siafu, wote na kaniki zenye viraka. Wengine walikuwa wanapalilia. Wengine walikuwa wanarusha mikuki kwenye migomba, mikuki mipana kiasi kwamba kuku angeweza kulala juu ya bapa la mmoja na vifaranga. Nyuma yao vihenge vya mtama vimepangana, vimejaa mpaka vimevimba mbavu.

"Kuna jamaa yao mmoja," Shigela akaendelea, maana aliyekaa peke yake siku nzima akipata wa kuzungumza naye hanyamazi. "Kila asubuhi anapanda lile jiwe, anaweka mkono hivi, ananichungulia. Mama Mtemi ametukataza tusimrushie hata kokoto. Anasema yule ndiye askari wake bora kuliko sisi wote. Ameliua jeshi la Ukambwe, na hajawahi kulowa miguu."

Nkwabi akaangalia miguu yake. Ilikuwa bado inachuruzika maji.

"Hili joho ndilo la mwisho," Shigela akasema. "Wakilishona na hili, hawabaki hata na mbegu. Tukisikia tu wameanza kushona, tunavuka. Haya, huyo kuku vipi?"

"Mchukue."

"Bure?"

"Bure."

"Mzee, wewe biashara huiwezi," Shigela akamwambia, akampa kipande cha kiazi cha kuchoma kwa ajili ya njiani. Nkwabi akavuka mto hajakitia mdomoni.

Alipomsimulia Malale, Malale kwanza alikula kile kiazi. Halafu akasema:

"Afande, ukienda kumwambia Mtemi, kichwa chako hicho kinaondoka. Maana hizi sare zote umezileta wewe."

"Najua."

"Usipomwambia, tunaondoka wote na Bulonda yetu."

"Na hilo najua."

"Basi nikufunge vifungo," Malale akasema, "maana ukienda na shuka utakufa kabla hujasema."

Ikulu palikuwa pamejaa. Nkwabi akapiga saluti, suruali ikalia kwaru kama ubao.

"Mtemi, nimevuka mto."

"Na hizo suruali nyeupe?"

"Nilizivua kwanza."

Luhende akashusha pumzi.

"Mtemi, Usinde hawajawahi kubadilisha sare. Ni mtu mmoja. Nguo zote nilizokuletea habari zake ni za mtu mmoja, na ya kwanza lilikuwa koti lake la harusi. Wanamvalisha makusudi ili tuone. Jeshi lenyewe lina viraka, lina mikuki, lina chakula. Sisi tuna mipini ya bluu. Mimi ndiye niliyeona mmoja nikasema jeshi. Kosa ni langu."

Mkata vichwa wa Mtemi akapeleka mkono kiunoni, akakumbuka upanga wake siku hizi ni vifungo vya kikosi cha ngoma, akaurudisha mkono polepole.

Luhende akamkazia macho.

"Mmoja tu?"

"Mmoja, Mtemi."

"Wengine wote wana viraka?"

"Viraka juu ya viraka."

"Vifungo?"

"Wanafunga kamba."

Luhende akaanza kucheka. Akacheka, akapiga mapaja, machozi yakamtoka. "Kumbe tumewashinda!" akasema. "Watu wangu, mmesikia? Tumewashinda siku nyingi na hatujui!"

"Mtemi, watavuka. Wakisikia tu tumeanza kushona, wanavuka."

Luhende akafuta machozi. Akasogea mbele kwenye kiti, akapunguza sauti kama mtu anayeulizia habari za mchumba aliyemwacha.

"Na huyo mmoja, Nkwabi. Leo amevaa nini?"

Hapo ndipo Nkwabi alipojua kwamba ukweli wake umepiga hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Alikuwa na jibu. Alikuwa nalo lote, rangi, urefu, na vishada. Na alijua akilisema, mstari mwingine upo pale mezani, umeshakatwa, unasubiri bega.

"Sikuangalia, Mtemi."

"Umekaa naye goti kwa goti, hukuangalia?"

"Sikuangalia."

"Jicho langu!"

"Mtemi, safari hii nilikuwa naangalia mikuki."

Luhende akamtazama kwa huruma ya kweli, kama unavyomtazama farasi mzuri aliyevunjika mguu. "Macho yako yamezeeka," akasema. "Avuliwe sare."

Kwa Luhende, kumvua mtu sare ilikuwa adhabu kubwa kuliko kumnyonga. Walinzi wakaanza na vifungo. Kilipofunguka cha mwisho Nkwabi akasikia upepo kifuani, upepo aliokuwa ameusahau, na njaa yake yote ikampata kwa pamoja. Akatoka mlangoni na kitambaa cha kiunoni. Nyuma yake akamsikia Luhende anamteua Jicho jipya, mtu wa macho makali, na anamwambia aende mbio.

Nkwabi naye akaenda mbio, kwa njia ya mkato.

"Wamekuvua!" Malale akasema alipomwona.

"Wamenivua. Boma ni lako sasa. Mwenzio anakuja kupanda jiwe. Akishaona atakachoona, hatuna siku."

"Kwa hiyo mimi ndiyo sajini?"

"Wewe ndiyo sajini."

Malale akawageukia askari waliokuwa wamesimama juani kama mishumaa. Alifikiri kidogo, maana ilikuwa amri yake ya kwanza.

"Vueni," akasema.

Hakuna aliyeuliza mara mbili. Vifungo visivyotaka kufunguka vikang'olewa. Wakaingia Bulonda na nguo za ndani, wanawake wakafunika macho nusu, na kazi ikaanza: wazee mgongoni, watoto mkononi, mbuzi kwa kamba, mbegu kichwani, kuelekea milimani ambako hakuna anayekwenda kwa sababu hakuna cha kuchukua.

Bi Kashinje, mama yake Nkwabi, hakuondoka mpaka ameuliza.

"Miaka yote ile juu ya jiwe, mwanangu, ulikuwa unaangalia nini?"

"Nguo, mama."

Bi kizee akamtazama kuanzia juu mpaka chini, jinsi alivyokuwa.

"Haya," akasema. "Shika upande huo wa kihenge."

Jicho jipya lilipanda jiwe, likashuka, likafika ikulu likihema. Lilieleza joho vizuri kuliko ambavyo Nkwabi angeweza, mpaka likaongeza na vishada vya mgongoni ambavyo havikuwepo. Luhende akatuma watu wakusanye mbegu nyumba kwa nyumba. Bulonda wakakuta majivu ya baridi na paka mmoja.

Usinde wakasikia. Wakavuka.

Walivuka na kaniki zao, hawakulowa zaidi ya kiuno, wakapita boma tupu, wakapita kijiji kitupu, wakashika barabara ya ikulu. Walitegemea vita. Mama Mtemi Nyanzala mwenyewe alikuwa mbele, amejifunga kanga kiunoni, na alikuwa amewaambia watu wake wajihadhari, maana jeshi la Ukambwe lilikuwa kubwa, huwezi kulihesabu ukamaliza.

Walipoingia uwanja wa gwaride wakasimama. Jeshi zima la Luhende lilikuwa pale, mistari imenyooka kama uzi. Na wote, mpaka yule wa mwisho anayekaribia upeo wa macho, walikuwa wameinua mikono.

Usinde wakaangaliana. Hawajarusha hata mkuki.

"Wamesalimu amri," Nyanzala akasema.

Kumbe mafundi walikuwa wanapima majoho. Na Mtemi Luhende alikuwa mstari wa mbele kabisa, juu ya kigoda, macho ameyafumba, anamwambia fundi asimkate mfupi, na mikono yake ndiyo iliyokuwa imenyooka kuliko ya watu wote.

Funzo: Adui akishaanza kukuchagulia nguo hana haja ya kukupiga; kabla hujabadilisha ulivyo navyo kwa sababu ya mtu wa ng'ambo, vuka kwanza ukaone anakula nini.